Bonde la Yosemite na Biashara ya Picha za Mandhari

Bonde la Yosemite liko katika milima ya Sierra Nevada, mashariki mwa jimbo la California nchini Marekani. Urefu wake ni kama kilomita 12 na upana wake haufiki kilomita mbili, lakini limezingirwa na kuta za itale zilizochongwa na barafu ya kale. Jabali la El Capitan hupanda wima kiasi cha mita 900 kutoka chini, kilele cha Half Dome kiko mita 2,694 juu ya usawa wa bahari, na maporomoko ya Yosemite huteremka kwa mikupuo mitatu yenye jumla ya mita 739. Ni sehemu chache duniani ambazo sura yake imeuzwa mfululizo kwa muda mrefu kama hapa. Tangu 1859 hakijapita kizazi bila wapigapicha kupata riziki kwa picha za bonde hili: za kutundika ukutani, za kufungwa katika albamu, za kutumwa kwa posta, za kubandikwa kwenye kalenda. Historia ya biashara hiyo yaonyesha jambo ambalo majumba ya sanaa hupenda kulisahau. Picha ya sanaa na zawadi ya mtalii zilikua pamoja, mara nyingi juu ya kaunta moja ya duka, na ya pili ndiyo iliyoilisha ya kwanza.

Wenyeji wa bonde walikuwa Waahwahneechee, watu walioishi kwa kuwinda na kusaga matunda ya mwaloni kuwa unga, na waliokuwa na desturi ya kuchoma nyasi ili uwanda ubaki wazi. Machi 1851, wimbi la wachimba dhahabu likiwa limekwisha kufurika milimani, kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Mariposa Battalion kiliingia bondeni kumsaka mkuu wao, Tenaya, na kuwaondoa watu wake kwa nguvu. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1855, Mwingereza aitwaye James Mason Hutchings aliongoza kundi la kwanza la watalii, akafuatana na mchoraji Thomas Ayres. Michoro ya Ayres ilichapishwa na kuuzwa, na mwaka uliofuata Hutchings akaanzisha jarida la kuisifu California. Hata hivyo mchoro ulikuwa na udhaifu wake: mtu wa New York aliyeonyeshwa ukuta wa mawe wa mita 900 angeweza kusema mchoraji ametia chumvi. Hutchings alihitaji ushahidi usiokanushika. Juni 1859 akamleta mpigapicha Charles Leander Weed, na picha za Weed ndizo za kwanza kupigwa Yosemite.

Aliyezifanya picha za bonde kuwa bidhaa ya thamani ni Carleton Watkins. Alizaliwa Oneonta, jimbo la New York, mwaka 1829, akaenda California katika miaka ya dhahabu, na huko akajifunza kazi ya kamera. Mwaka 1861 aliingia Yosemite na kamera kubwa aliyotengenezewa na seremala, yenye kuchukua vioo vya takriban sentimita 46 kwa 56. Ukubwa huo haukuwa majivuno. Zama hizo kukuza picha kutoka negativu ndogo hakukuwa na matokeo ya kuridhisha. Kioo kililazwa juu ya karatasi na vyote viwili vikaanikwa juani, hivyo picha ilitoka na ukubwa ule ule wa kioo. Aliyetaka picha ya kujaza ukuta wa sebule hakuwa na njia nyingine ila kuipandisha mlimani kamera ya kimo hicho.

Kazi yenyewe ilidai subira na mgongo imara. Kioo kilipakwa kolodiani, kikatumbukizwa katika nitrati ya fedha ndani ya hema lenye giza, kikapigiwa picha kingali kibichi, kisha kikasafishwa papo hapo kabla dawa haijakauka. Vumbi likiingia, kioo kilitupwa. Maji yakiwa na tope, kioo kilitupwa. Hema, vioo, chupa za dawa na kamera vilisafiri migongoni mwa nyumbu wa mizigo hadi ukingoni mwa magenge, kwa kuwa bonde halikuwa na barabara ya magari ya farasi hadi 1874. Karatasi nayo ilitayarishwa kwa ute wa yai uliotiwa chumvi, kisha fedha. Ndiyo maana picha za zama hizo zina rangi ya kahawia na mng'ao laini ambao karatasi za baadaye hazikuupata. Kutoka safari ya 1861 Watkins alirudi na vioo vikubwa 30 hivi, pamoja na picha pacha zipatazo mia moja.

Picha pacha zilikuwa za kadi ndogo yenye picha mbili zilizopigwa kwa lenzi mbili zilizoachana kidogo. Zikitazamwa kwa kifaa chake, macho huziunganisha na mandhari huinuka yakawa na kina. Bei yake iliwezekana kwa mwalimu, karani au fundi, na familia nyingi za Marekani zilikuwa na sanduku la kadi hizo sebuleni kwa ajili ya wageni. Picha kubwa zilikuwa za watu wenye uwezo, za maktaba na za vyama vya wasomi. Mpigapicha ni mmoja, nyumbu ni wale wale, maporomoko ni yale yale, lakini wanunuzi wa aina mbili walihudumiwa katika safari moja. Mgawanyo huo ulioanza na Watkins uliendelea kuiongoza biashara hii hadi karne ya 21.

Desemba 1862 picha kubwa za Watkins zilionyeshwa New York katika jumba la Goupil, mahali palipozoeleka kwa michoro ya rangi. Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na watu wa mashariki waliokuwa wakisoma habari za vifo kila siku walisimama mbele ya miti mirefu na maji meupe ya nchi ambayo wengi wao wasingeifikia maishani. Mchoraji Albert Bierstadt alizitazama, na mwaka 1863 akafunga safari ya Yosemite. Mhubiri wa San Francisco, Thomas Starr King, alimpelekea mwandishi Ralph Waldo Emerson baadhi yake kama zawadi. Ndipo picha ya mandhari ikawa kitu ambacho mtu mwenye heshima aweza kumtunza mwenzake mwenye heshima, sawa na kitabu.

Tarehe 30 Juni 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi bonde, pamoja na msitu wa miti mikubwa ya Mariposa, kwa jimbo la California ili vihifadhiwe kwa matumizi ya watu wote. Kwa kawaida sifa za sheria hiyo humwendea Watkins. Kusema kwamba picha zake peke yake ziliipitisha ni kuzidisha: Seneta John Conness aliyeiwasilisha aliwaeleza wenzake zaidi kwamba ardhi ile haikuwa na faida nyingine kwa serikali, na nyuma yake walikuwapo wafanyabiashara waliotarajia utalii. Lakini hadi mwaka ule watalii waliokwisha kufika bondeni hawakutimia elfu moja. Bunge lilihifadhi mahali ambapo karibu hakuna mbunge aliyepaona kwa macho, na kilichokuwa kikizunguka katika miji ya mashariki kuwaonyesha sura yake kilikuwa picha za kuuzwa. Kwa kiasi hicho sifa inamstahili.

Watkins alirudi Yosemite mwaka 1865 na 1866, safari hizo akishirikiana na idara ya upimaji wa jiolojia ya California chini ya Josiah Whitney. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1868 kwa nakala 250 tu, kila nakala ikibandikwa kwa mkono picha halisi 28, nyingi zikiwa zake. Mwaka 1867 alipata medali katika maonyesho makubwa ya Paris. Kisha akafungua San Francisco jumba lenye jina la Yosemite Art Gallery, ambamo picha kubwa zilitundikwa ukutani katika fremu na picha pacha zikapangwa chini kwa wanunuzi wa kawaida.

Kuuza picha nyingi hakukuwa kutajirika. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ilianza kuzilinda picha mwaka 1865 tu, kwa hiyo picha za 1861 zilikuwa mali ya yeyote mwenye uwezo wa kuzinakili, na zilinakiliwa kwelikweli. Pigo zito lilikuja mwaka 1875, mfumo wa benki wa California ulipotikisika. Watkins alipoteza jumba lake na, baya zaidi, vioo vyake. Viliangukia mikononi mwa wapinzani wake, na mpigapicha Isaiah West Taber akaendelea kuzisafisha na kuziuza picha za Watkins kwa jina la Taber. Mwenye kazi, akiwa na umri wa karibu miaka 50, alianza tena kuzunguka milima ileile kupiga mandhari yaleyale, akaziita picha hizo mfululizo mpya. Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliteketeza San Francisco. Studio ya Watkins iliungua na kila kilichokuwamo, na vioo vilivyokuwa kwa Taber navyo viliungua. Watkins, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Napa mwaka 1910, akafia huko mwaka 1916. Kama asingeuza, kazi yake ingepotea yote. Picha kubwa za Watkins zaidi ya 1,200 zinazojulikana leo zimesalia kwa sababu watu walizinunua, wakazitia katika fremu au albamu, na watoto wao hawakuzitupa.

Mpinzani wake mwingine alikuwa Mwingereza Eadweard Muybridge, aliyefika Yosemite mwaka 1867 na kuuza picha kwa jina la Helios, kisha akarudi mwaka 1872 na vioo vikubwa. Yeye aliwapa wanunuzi kitu ambacho Watkins hakukijali sana: mawingu. Dawa ya wakati ule iliuona mno mwanga wa buluu, hivyo anga ilitoka nyeupe tupu. Muybridge aliweka akiba ya negativu za mawingu na kuzichanganya na za milima wakati wa kusafisha. Mabishano kuhusu mandhari yaliyotiwa anga ya mahali pengine, ambayo wengi hudhani yameletwa na kompyuta, ni ya zamani kama biashara yenyewe.

Hifadhi ya Taifa ya Yosemite iliundwa tarehe 1 Oktoba 1890, bonde lenyewe likiunganishwa nayo mwaka 1906. Reli ilifika El Portal, karibu na mlango wa bonde, mwaka 1907, na magari yakaruhusiwa kuingia mwaka 1913. Kabla ya matukio hayo palikuwa pametokea jambo lililoitikisa biashara kuliko reli: kamera ya Kodak ya 1888, iliyompa kila mtalii uwezo wa kupiga picha zake mwenyewe. Studio za bondeni hazikufa. Zilijirekebisha. Zilisafisha filamu za watalii, zikawauzia postikadi, na zikawapa kile ambacho kamera ndogo haikuweza: theluji ya Januari, maporomoko yaliyojaa ya Mei, mwezi juu ya jabali. George Fiske, aliyehamia bondeni kuishi humo mwaka mzima, alikuwa wa kwanza kuyageuza majira ya baridi kuwa bidhaa. Naye moto haukumwacha: studio yake iliungua mwaka 1904.

Miongoni mwa maduka ya zama hizo lilikuwapo moja lililofunguliwa mwaka 1902 na mchoraji Harry Cassie Best, likiitwa Best's Studio. Aliuza michoro yake, picha, kadi na zawadi ndogondogo kwa wageni wa kiangazi. Lilikuwa duka la kawaida, na lingesahauliwa kama mengine kama si piano iliyokuwa ndani yake.

Ansel Adams alizaliwa San Francisco tarehe 20 Februari 1902. Akiwa mgonjwa utotoni alipewa kitabu cha Hutchings kuhusu Sierra Nevada, akakisoma hadi akawasihi wazazi wake wampeleke huko. Walikwenda mwaka 1916, na baba akampa kamera ndogo ya Kodak Brownie. Kijana huyo alikuwa akijiandaa kuwa mpiga piano, na kila kiangazi aliporudi bondeni alitafuta piano ya kufanyia mazoezi. Best alimruhusu kutumia yake. Hapo Adams alifahamiana na binti wa mwenye duka, Virginia Best, na tarehe 2 Januari 1928 wakafunga ndoa ndani ya studio hiyohiyo.

Kabla ya harusi hiyo, mambo mawili yalikuwa yameamua njia yake. La kwanza lilitokea tarehe 10 Aprili 1927. Adams alipanda na wenzake, Virginia akiwamo, hadi kwenye bega la jabali linalotazamana na uso wa Half Dome. Vioo alivyobeba vilipungua hadi vikabaki viwili. Kimoja alikipiga kwa filta ya manjano, kisha akatambua kwamba anga itatoka ya kijivu na jabali litapoteza uzito aliokuwa akiuhisi. Kwa kioo cha mwisho alitumia filta nyekundu iliyokoza, na anga ikatoka karibu nyeusi. Picha hiyo, iitwayo Monolith, ilimfundisha kuiona picha akilini ilivyopasa kuonekana kwenye karatasi kabla ya kufyatua kamera. Jambo la pili lilikuwa la kibiashara. Albert Bender, mtu wa bima wa San Francisco na mfadhili wa wasanii, alitazama picha zake na siku ileile akapanga zitolewe kama seti ya picha 18. Yeye mwenyewe aliahidi kununua seti 10, akawapigia simu rafiki zake nao wakanunua. Seti hiyo ya 1927 haikuitwa ya picha. Mchapishaji aliona wanunuzi wa sanaa wangelidharau neno hilo, akabuni jina la Parmelian Prints. Hivyo ndivyo hadhi ya picha ilivyokuwa katika soko la sanaa, miaka 65 baada ya maonyesho ya Goupil.

Adams hakukaa na aibu hiyo. Mwaka 1932 yeye, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao walionyesha kazi zao San Francisco kwa jina la Group f/64, wakitetea picha kali, safi, isiyojifanya mchoro. Mwaka 1936 Alfred Stieglitz alimfanyia maonyesho New York. Mwaka 1940 Adams alisaidia kuanzisha idara ya picha katika jumba la sanaa ya kisasa la jiji hilo, MoMA. Lakini heshima ya New York haikulipa bili. Kwa miaka kadhaa aliipigia picha kampuni iliyoendesha mahoteli ya bondeni, na kazi hizo zilitumika katika matangazo ya utalii wa theluji na hata kwenye karatasi za orodha ya vyakula.

Harry Best alifariki mwaka 1936 na duka likawa la Virginia. Mara nyingi jina lake hupita kwa haraka katika maelezo ya maisha ya mumewe, na hilo si haki. Kwa miongo mitatu na zaidi ni yeye aliyebeba biashara iliyoiwezesha familia kuishi, huku Adams akisafiri, akifundisha na kupigania hifadhi. Aliamua duka lisijaze vikorokoro vya bei rahisi, akaweka vikapu, mapambo ya fedha na ufinyanzi wa kweli wa Wenyeji wa Marekani, vitabu vizuri na picha nzuri. Walichapisha pia postikadi na kadi za salamu, na wawili hao walitoa pamoja mwongozo wa bonde mwaka 1940 na kitabu cha watoto mwaka 1941. Katika mwezi wa Julai 1937 chumba cha giza cha Yosemite kilishika moto na negativu nyingi za Adams zikaungua. Negativu ya Monolith ilipona.

Uamuzi muhimu kuliko yote kwa historia ya picha kama zawadi ulifanywa mwaka 1958. Adams na Virginia waliona mtalii ana njia mbili tu: postikadi ya senti chache, au picha iliyosafishwa na Adams mwenyewe ambayo bei yake ilizidi mfuko wa mtu wa kawaida. Wakaanzisha toleo maalumu la picha za Yosemite. Adams alichagua negativu chache za bonde, na wasaidizi wake wakazisafisha kwa mkono, moja moja, kwa karatasi halisi ya picha na kwa kipimo alichokiweka yeye, kisha zikauzwa dukani kwa bei nafuu. Hazikuwa nakala za mashine ya uchapaji, wala hazikutajwa kuwa za mkono wake. Wazo hilo lilijibu kwa unyofu swali lililoisumbua biashara hii tangu Watkins: jinsi ya kumpa mnunuzi mdogo kitu kizuri bila kumdanganya.

Adams aliweza kufanya hivyo kwa sababu ya namna alivyoielewa picha. Akiwa mwanamuziki wa zamani, aliichukulia negativu kama nota zilizoandikwa na kila usafishaji kama uchezaji wa nota hizo. Picha yake ya Moonrise, Hernandez, iliyopigwa New Mexico tarehe 1 Novemba 1941, ilisafishwa zaidi ya mara 1,300 katika maisha yake, na kadiri miaka ilivyopita anga yake ilizidi kuwa nyeusi. Monolith za mwanzo ni ndogo na laini. Za miaka ya 1960 na 1970 ni kubwa na zina ukali. Kwa wakusanyaji jambo hilo lina matokeo ya fedha, kwa kuwa picha iliyosafishwa karibu na siku ilipopigwa na ile ya miaka 40 baadaye ni vitu viwili, ingawa zimetoka kwenye kioo kimoja.

Miaka ya 1960 na 1970 ilileta mabadiliko ya ghafla. Mwaka 1969 kampuni ya kahawa ya Hills Bros. ilitoa kopo la kahawa lililozungushiwa picha ya Adams ya bonde asubuhi ya theluji. Makopo yaliyobaki sasa hutafutwa na wakusanyaji. Duka la Best lilibadilishiwa jina mwanzoni mwa miaka ya 1970 likawa The Ansel Adams Gallery. Vijana wa vyuo walianza kutundika mabango ya milima. Maombi ya picha kutoka kwa wafanyabiashara wa sanaa yalipomzidi, Adams alitangaza kwamba baada ya mwisho wa 1975 hatapokea tena, akatumia miaka iliyofuata katika chumba cha giza akikamilisha maelfu ya picha zilizokwisha kuagizwa. Kufunga mlango huko kulipandisha bei papo hapo. Mwaka 1979 jarida la Time lilimweka jaladani. Alifariki tarehe 22 Aprili 1984, na mwaka huohuo kalenda yenye picha zake ikawa madukani. Imeendelea kutolewa kila mwaka. Mwaka 2010 nakala kubwa ya Clearing Winter Storm, picha ya bonde tufani ikipungua, iliuzwa mnadani New York kwa dola 722,500. Picha hiyohiyo hupatikana kwenye kadi ya salamu.

Kuna kitu ambacho karibu picha zote hizi, za dola laki saba na za senti tano, hazikionyeshi. Waahwahneechee hawakutoweka mwaka 1851. Walirudi, wakafanya kazi mahotelini, wakasuka vikapu ambavyo watalii walivinunua, na kijiji chao kilikuwa bondeni hadi karne ya 20, kikahamishwa, na nyumba zake za mwisho zikaondolewa ifikapo 1969. Wapigapicha wa mandhari waliwaacha nje ya fremu kwa sababu wateja walitaka nchi isiyoguswa. Hata Adams, aliyeipigania ardhi kwa uwezo wake wote, alijenga mvuto wa picha zake juu ya upweke huo. Hilo ni kosa la kweli, na uzuri wa picha haulifuti.

Ajabu ni kwamba picha hizo zenyewe zina ushahidi wa waliofichwa. Katika vioo vya Watkins vya miaka ya 1860, sakafu ya bonde ni uwanda mpana wa nyasi wenye mialoni iliyoachana. Mtu akisimama leo mahali pale pale, mara nyingi haoni jabali kwa wingi wa misonobari. Wanasayansi wamezilinganisha picha za zamani na za sasa, na sehemu kubwa ya maelezo yao ni moto: wenyeji waliokuwa wakichoma nyasi walipoondolewa, na walinzi wa hifadhi walipozuia kila moto kwa miongo mingi, msitu ulijaa. Mandhari yaliyouzwa kama kazi ya maumbile peke yake yalikuwa pia kazi ya mikono ya watu. Siku hizi hifadhi huwasha moto wa makusudi bondeni na huondoa baadhi ya miti, na picha za Watkins ni miongoni mwa vielelezo vya hali inayokusudiwa kurudishwa.

Rangi ilichelewa kuheshimiwa katika soko la sanaa, lakini kwenye postikadi na kalenda ilitawala mapema. Mwaka 1962 chama cha Sierra Club kilitoa kitabu cha picha za rangi za Eliot Porter kilichothibitisha kwamba msitu waweza kuuza kitabu cha gharama. Huko Yosemite, Galen Rowell alipiga mwaka 1973 maporomoko membamba ya Horsetail, upande wa mashariki wa El Capitan, yakiwaka rangi ya moto kwa jua la mwisho la Februari. Mwanga huo hutokea kwa siku chache tu za mwaka, maji yakiwapo na mawingu yasipokuwapo. Picha zilizofuata ile ya Rowell zilisambaa, na simu za mkononi zilipokuja, maelfu ya watu walianza kukusanyika kila Februari kuitafuta picha ileile. Kingo za mto zilikanyagwa na mimea ikaharibika. Hifadhi imelazimika kufunga barabara na maegesho ya eneo hilo nyakati hizo, na miaka fulani kudai wageni waombe nafasi kabla ya kufika.

Wapigapicha wanaoishi kwa kuuza mandhari ya Sierra leo huchapisha kwa mashine za wino kwenye karatasi ya pamba, turubai au bamba la alumini, na wengi hutangaza idadi maalumu ya nakala ili kulinda bei. Njia ya zamani nayo haijakoma. Negativu za Adams zimehifadhiwa Tucson, katika kituo cha upigaji picha cha Chuo Kikuu cha Arizona ambacho yeye mwenyewe alishiriki kukianzisha mwaka 1975. Duka la bondeni bado ni la familia yake, na picha za toleo maalumu la 1958 zimeendelea kuuzwa humo, zikisafishwa kwa mkono kutoka negativu za Adams na mtu aliyekuwa msaidizi wake katika chumba cha giza.